Kulala Dubai

Tiketi ya Emirates ya Dar es Salaam kwenda Guangzhou ina mstari mmoja wa kukokotoa nauli ambao abiria hausomi. Ukikuta DAR EK X/DXB EK CAN, hiyo X iliyotangulia DXB ina maana kwamba abiria anapita Dubai kuunganisha ndege tu. X ikiondolewa, safari inabadilika: abiria atatoka uwanjani, atalala mjini siku mbili tatu, kisha ataendelea. Mawakala huita ya kwanza transiti na ya pili stopova. Mwenye duka wa Kariakoo husema tu kwamba anataka kulala Dubai.

Mpaka wa hayo mawili ni saa 24. Katika safari za kimataifa, anayeondoka kabla saa hizo hazijatimia bado yuko transiti, hata kama usiku kucha alikoroma hotelini. Ethiopian, kwa mfano, huwapa hoteli Addis Ababa abiria wanaosubiri muda mrefu kwa kukosa ndege ya mapema. Huko ni kulala bila stopova. Zikipita saa 24, masharti ya nauli ndiyo yanayoamua. Nauli nyingine huruhusu bure, nyingine hudai nyongeza, nyingine hukataa kabisa. Tozo za uwanja nazo huweza kupanda.

Tofauti nyingine inaonekana kwenye sanduku. La mpita njia hubandikwa lebo ya CAN pale Terminal 3 ya Dar es Salaam, na mwenyewe halioni tena mpaka Guangzhou. La anayelala huandikwa DXB, naye atalivuta mwenyewe hadi Deira, eneo la maduka jijini Dubai.

Na Deira ndiyo sababu yote. Kiwanda cha China hutaka oda kubwa. Maduka ya Deira, kuanzia Naif na vichochoro vyake, hukubali kuuza hata dazani moja. Mtu mwenye fremu Mtaa wa Congo, ambaye mtaji wake wote umo ndani ya kontena linaloelea baharini kwa wiki kadhaa, hawezi kuacha rafu tupu. Anahitaji bidhaa za kuuza wiki ijayo, zenye kuingia kwenye begi. Pia kuna Dragon Mart, iliyofunguliwa mwaka 2004, yenye bidhaa zilezile za China, ila bei yake imeshabeba nauli ya meli na faida ya mtu mwingine. Kwa hiyo, kwa maoni yangu, kulala Dubai kunafaa wakati wa kurudi. Ukilala wakati wa kwenda, utanunua kabla hujajua bei ya Guangzhou, kisha uzunguke China na mzigo ambao ungeuchukua ukielekea nyumbani.

Jambo hili si geni pwani. Majahazi yaliyoletwa na kaskazi kutoka Uarabuni yalikaa bandarini yakingoja kusi iyarudishe, na nahodha alitumia muda huo kuuza na kununua. Yeye hakuulizwa viza.

Msafiri wa leo huulizwa. Mwenye pasipoti ya Tanzania anahitaji viza ili kuvuka geti la uwanja wa Dubai. Ipo viza ya mpito ya saa 48 na nyingine ya saa 96. Zote huombwa kupitia shirika la ndege la huko na lazima zitoke kabla ya safari. China nayo ina msamaha wa viza wa saa 240 kwa wapita njia, lakini Tanzania haimo kwenye orodha ya nchi zinazonufaika.

Wapo wanaofikiri njia ya mkato ni kutoka uwanjani wakati wa transiti na kuiacha ndege iondoke. Usithubutu. Usipopanda kipande kimoja cha safari, vilivyobaki hufutwa, pamoja na cha kurudi Dar. Ukitaka kulala, mwambie wakala kabla hajatoa tiketi. Ikishatoka, mara nyingi utalipa faini ya kubadilisha, na tofauti ya nauli juu yake.