Tarehe ya Reli ya Voi na Taveta, na Madaraja Yake Yaliyoachwa

Wapo watu Taveta, hata wenye elimu zao, wanaomwambia mgeni kwamba reli ile iliyolala nyasini kutoka Voi, pamoja na daraja lake la mto Lumi, ni kazi ya Mjerumani. Si kweli, na maneno haya yameachwa yakatembea mno. Reli ya Mjerumani ni ile ya Tanga, iliyofika Moshi mwaka 1911. Hii yetu ililazwa na jeshi la Mwingereza ili limwendee Mjerumani, na waliotangulia kuumia kwa ajili yake ni Wataita, na katika Wataita ni watu wa Kasigau.

Vita ilipoanza Agosti 1914, Mjerumani hakukawia. Tarehe 15 mwezi huohuo alikuwa ameishika Taveta. Septemba kikosi chake kikateremka kando ya mto Tsavo kwenda kuvunja daraja la Reli ya Uganda, kikazuiwa kabla hakijalifikia. Lau lingeanguka, Nairobi ingetengwa na Mombasa.

Daraja hilo la Tsavo nalo lina habari yake. Mwaka 1898, lilipokuwa likijengwa, simba wawili madume wasio na manyoya ya shingo walikuwa wakiwatoa vibarua wa Kihindi mahemani usiku, wakiruka maboma ya miiba kama hayapo. Vibarua walishikilia kwamba hao si wanyama. Ni mizimu ya machifu wawili wa nchi ile, walisema, imejigeuza simba kwa hasira ya kupitishiwa reli, na risasi haiwezi kuidhuru. Tarehe 1 Desemba vibarua walijilaza relini mbele ya treni, ikasimama, wakapanda wakaenda zao, na kazi ikalala majuma matatu. Patterson, mhandisi Mwingereza aliyelisimamia daraja, akawaua simba wote wawili mwezi huohuo, akaandika kitabu, akapata jina. Jemadari Ungan Singh aliyeburutwa kutoka hemani mwake, na askari Abdullah aliyeuawa akifuatana na afisa wa wilaya, Bwana Whitehead, wamebaki mistari michache ndani ya kitabu hichohicho. Kwa Wataita wa kale, habari ya mizimu yenye hasira haikuwa ngeni. Wao waliyafukua mafuvu ya wazee wao, wakayapanga mapangoni, mahali walipopaita ngomenyi, na kuyatunza, kwani mfu asiyetunzwa hakai kimya.

Turudi kwenye reli. Ilianza Voi mwanzoni mwa 1915, ikapita Mwatate na Bura, ikafika Maktau mwezi Juni. Waliolaza mataruma ni mafundi wa reli wa jeshi la India, na nyuma yao wapagazi wa jeshi walioitwa Kariakoo, watu ambao katika vita nzima ya Afrika Mashariki walikufa zaidi ya 40,000. Nyika ile haina maji, kwa hiyo maji yalishushwa kwa mabomba kutoka vilima vya Bura. Usiku vikundi vidogo vya Mjerumani vilivuka pori na kufukia baruti chini ya reli. Waingereza wakajifunza kutanguliza behewa lililojaa mchanga mbele ya kichwa cha treni, ili mlipuko uanze na mchanga.

Hapa lazima nisimame kwa ajili ya Kasigau. Mlima ule uko kati ya mpaka na reli kuu, na mwaka 1915 Wajerumani waliushambulia. Waingereza, badala ya kuona aibu kwa kushindwa kuulinda, waliwatupia lawama wenyeji: mmewaonyesha adui njia. Wakawatoa mlimani, wanaume, wanawake na watoto, wakawahamishia Malindi, nchi ya joto na homa wasiyoijua, na wengi wakafia huko. Hawakurudishwa hadi miaka ya 1930. Basi anayeandika habari za reli hii akaanza na majenerali, ameanza na mkia.

Majenerali nao walipigana. Mbuyuni, Julai 1915, Waingereza walirudishwa nyuma. Septemba 3, karibu na Maktau, Luteni Dartnell, Mwaustralia aliyejeruhiwa mguuni, alikataa kubebwa ili abaki na majeruhi wenzake. Aliuawa hapo, na kaburi lake liko Voi. Salaita, Februari 12, 1916, Makaburu waliokuja na majivuno yao walikimbizwa, wakaokolewa na Wabulushi wa jeshi la India. Machi, Jenerali Smuts, mkuu wa majeshi ya Waingereza, akaichukua Taveta.

Kwenye njia ya Salaita uko mbuyu ambao kila dereva wa Taveta anaujua. Shina lake lina uwazi, na gome lina makovu ya risasi. Wazee husimulia kwamba ndani yake alijificha mwanamke wa Kijerumani ambaye mumewe aliuawa na Waingereza. Alikuwa hodari wa shabaha, akawaangusha askari mmoja mmoja, nao hawakujua risasi zinatoka wapi hadi walipoumiminia mbuyu risasi. Simulizi hii nimeikuta kwa watu wasiofahamiana, ikiwa ni ileile, nami naiandika kama walivyoisema.

Reli ikavuka Lumi, ikaingia nchi ya Mjerumani, na mwaka huohuo wa 1916 ikaungana na ya Tanga pale Kahe, ambapo Wajerumani walikuwa wamelipua daraja lao wakirudi nyuma. Baada ya vita kahawa ya Kilimanjaro ikaanza kupita huku kwenda bandari ya Kilindini, Mombasa, na wafanyabiashara wa Tanga wakalalamika miaka na miaka kwamba bandari yao imeibiwa. Walikuwa na haki ya kulalamika, lakini Mombasa ilikuwa na meli nyingi zaidi. Mkonge wa Taveta na wa Mwatate nao ukapata njia.

Februari 1977 mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, na Kahe ikawa ng'ambo isiyofikika. Mpaka ulipofunguliwa Novemba 1983, mizigo ilikwisha kuhamia kwenye malori. Treni za Taveta zikasuasua kwa miaka kadhaa, kisha zikakoma. Reli mpya ya mwaka 2017 inasimama Voi, inaendelea Nairobi, na haikugeuka kuelekea Taveta.