Bima ya Mafuriko Marekani: Nani Hubaki Maji Yanapokuja?

Utangulizi

Katika darasa letu la uchumi wa siasa mwanafunzi mmoja alisimama akauliza: "Ndugu Mkufunzi, dada yangu na mumewe wanaishi Houston, Marekani. Wamenunua nyumba kwa mkopo wa benki, na benki inawalazimisha kuikatia bima ya mafuriko. Miaka yote wamelipa katika mpango wa Serikali. Sasa kampuni ya binafsi imewaandikia kwamba itawatoza pungufu na kuwafidia zaidi. Wahame au wabaki?"

Darasa liligawanyika mara moja. Kundi la kwanza lilisema wabaki, kwa sababu Serikali ni chombo cha umma na kampuni ni chombo cha faida. Kundi la pili lilisema wahame, kwa sababu familia ya mfanyakazi haili nadharia. Makundi yote mawili yalikuwa na kosa moja: yalijibu kabla ya kuchunguza. Swali la nyumba ya dada huyu haliwezi kujibiwa bila kujua kwanza ni kwa nini Serikali ya Marekani, taifa linalosifu soko huria kuliko mengine yote, ikawa muuzaji mkubwa wa bima ya mafuriko. Hiyo ndiyo historia tutakayoieleza hapa.

Mtaji waingia, mtaji wakimbia

Msingi wa bima ni kuchangiana. Watu wengi hulipa ada ndogo, na wachache wanaopatwa na hasara hufidiwa kutokana na fungu hilo. Kwa moto, utaratibu huu huenda vizuri, maana moto huunguza nyumba moja na kuacha mtaa mzima. Mafuriko hayafanyi hivyo. Maji huingia bonde zima kwa siku moja, na wote waliochanga hudai pamoja. Tena, anayeishi mlimani haoni sababu ya kukata bima hiyo. Hukata yule wa bondeni tu. Kwa hiyo fungu lenyewe hujaa watu walio hatarini.

Makampuni ya Marekani yalilijua tatizo hili, lakini katika miaka ya 1920 mengi yaliingia katika biashara hiyo kwa sababu ada ilikuwa inapatikana. Ndipo ulipofika mwaka 1927. Mto Mississippi ulivunja matuta yaliyojengwa kuuzuia, ukafunika eneo la kilometa za mraba zipatazo 70,000, na watu zaidi ya 600,000 wakayahama makao yao. Wakulima weusi waliokuwa wakilima mashamba ya wenye ardhi waliwekwa kambini juu ya matuta, na huko Greenville walilazimishwa kufanya kazi chini ya ulinzi wa bunduki. Mwaka 1928 maji yalirudi tena. Kufikia mwisho wa mwaka 1929 karibu makampuni yote yalikuwa yameacha kuuza bima ya mafuriko. Tangu wakati huo hati ya kawaida ya bima ya nyumba nchini humo haigusi mafuriko, na mpaka leo wapo wenye nyumba wanaoligundua jambo hilo siku maji yanapokuwa sebuleni.

Hapa pana funzo la kwanza. Mtaji haukuondoka kwa kukosa wateja. Uliondoka siku wateja walipouhitaji.

Serikali yashika mzigo

Kwa miaka arobaini hivi mwenye nyumba bondeni alikuwa na kinga mbili tu: matuta ya Serikali na misaada ya maafa. Mwaka 1956 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya bima ya mafuriko, lakini halikutenga fedha, sheria ikabaki karatasi. Mwaka 1965 kimbunga Betsy kilizamisha sehemu za Louisiana, suala likafufuka. Mtaalamu wa jiografia Gilbert White, aliyeongoza jopo la Serikali lililotoa ripoti mwaka 1966, alikuwa ameonyesha kwa miaka mingi kwamba tuta likijengwa, watu huona bonde limekuwa salama, wakajenga zaidi, na hasara ijayo huwa kubwa kuliko iliyopita. Jopo lake lilionya kwamba bima nayo, ikiuzwa kwa bei isiyolingana na hatari, italeta matokeo yale yale.

Mwaka 1968 Rais Lyndon Johnson alitia sahihi sheria ya Mpango wa Taifa wa Bima ya Mafuriko. Mwanzoni mpango uliendeshwa kwa ubia na umoja wa makampuni. Mwaka 1978 Serikali ikauchukua wote. Kimbunga Agnes cha mwaka 1972 kilipoonyesha kwamba waliojiunga ni wachache mno, sheria ya mwaka 1973 ililazimisha bima hiyo kwa mikopo ya nyumba katika maeneo ya hatari kubwa, yaani yale yenye uwezekano wa asilimia 1 wa kufurika kila mwaka. Asilimia 1 yaonekana ndogo, lakini katika mkopo wa miaka 30 hufikia asilimia 26, yaani nyumba moja katika kila nne.

Mwaka 1983 ukaja utaratibu ambao kila mwanafunzi hana budi kuuelewa. Makampuni yalirudishwa kuuza hati za Serikali kwa jina lao na kushughulikia madai, yakilipwa kwa kazi hiyo, huku hasara yote ikibaki kwa Serikali. Ndiyo maana wako wenye nyumba wanaodhani wamekata bima ya binafsi ilhali hati yao ni ya Serikali.

Tulinganishe na kwetu. Mwaka 1967 Tanzania ilitaifisha biashara ya bima na kuikabidhi Shirika la Bima la Taifa, mpaka sheria ya mwaka 1996 ilipofungua tena mlango kwa makampuni ya binafsi. Sisi tulichukua biashara ambayo wenyewe walikuwa bado wanaitaka. Wamarekani walichukua ile ambayo wenyewe walikuwa wameikimbia. Tofauti hii ndiyo inayoeleza madeni yaliyofuata.

Mkinzano ndani ya mpango wa umma

Ingekuwa uvivu wa fikra kuusifu mpango huo kwa sababu tu ni wa umma. Kwa miaka mingi nyumba za zamani zilitozwa ada iliyo chini ya hatari yake, na nafuu hiyo haikupimwa kwa kipato. Mwenye nyumba ya pili ya mapumziko ufukweni aliipata sawa na mjane wa bondeni. Nyumba zile zile zilifurika, zikajengwa, zikafurika tena kwa fedha za fungu moja.

Kimbunga Katrina cha mwaka 2005 kilivunja hesabu yote. Mpango ulilipa fidia ya zaidi ya dola bilioni 16 na ukalazimika kukopa Hazina. Mwaka 2012 Bunge liliamua ada zipande zilingane na hatari. Wananchi wakalalamika, na mwaka 2014 Bunge lilelile likapunguza makali. Mwaka 2017, baada ya kimbunga Harvey kuizamisha Houston, lilifuta deni la dola bilioni 16, na bado zikabaki zaidi ya bilioni 20. Kuanzia Oktoba 2021 ada zimekuwa zikipangwa kwa hatari ya kila nyumba, na kwa makao mengi ya kudumu sheria inaweka kikomo cha nyongeza ya asilimia 18 kwa mwaka.

Katika hali hiyo mtaji ulirudi. Ulikuwa na kompyuta na ramani bora kuliko za mwaka 1927, na sheria ya 2012 pamoja na kanuni zilizoanza Julai 2019 ziliitaka benki ikubali hati ya binafsi inayotimiza masharti. Kampuni huchagua nyumba ambayo Serikali inaitoza zaidi ya hatari yake, ikaipa bei nafuu, na kuiacha ile mbaya. Faida inakuwa ya mchaguaji, na mzigo mzito unazidi kuwa wa umma.

Turudi kwa dada wa Houston

Baada ya uchambuzi huo darasa lilimwandikia dada huyo mambo manne.

Kwanza, atazame kiasi. Hati ya Serikali hulipa si zaidi ya dola 250,000 kwa jengo la nyumba ya familia na 100,000 kwa vyombo, na hailipi gharama za kupanga kwingine wakati wa matengenezo. Hati nyingi za binafsi hulipa zaidi. Ikiwa nyumba yake inazidi kiwango hicho, barua ya kampuni ina hoja ya kweli.

Pili, aulize juu ya mwaka wa pili. Mpango wa Serikali haumkatai mwenye nyumba kwa sababu amefurika, madamu mji wake umo katika mpango. Kampuni ya binafsi inaweza kukataa kuendelea naye baada ya dai moja.

Tatu, aulize kampuni ikifilisika nani atalipa. Baadhi ya makampuni haya yamesajiliwa kwa namna ambayo, katika majimbo mengi, mfuko wa dhamana wa jimbo hauyakingi.

Nne, ajue kurudi kuna gharama. Anayetoka katika mpango wa Serikali akiwa na nafuu ya zamani huweza kuipoteza akirudi, na hati mpya kwa kawaida husubiri siku 30 kabla ya kuanza kazi. Aidha, asiache bima kabisa kwa kuamini ramani: mwaka 2017 nyumba nyingi za Houston zilizofurika zilikuwa nje ya eneo lililochorwa kuwa la hatari.

Hitimisho

Dada huyo aliamua kubaki, kwa sababu nyumba yake ni ya thamani ya kawaida na imewahi kuingia maji. Jirani yake mwenye nyumba kubwa juu kidogo ya mtaa amehama, naye hakukosea kihesabu. Lakini kila jirani wa namna hiyo anapotoka, fungu la wanaobaki linapungua na ada yao inazidi kuwa nzito. Uamuzi ulio sahihi kwa mmoja mmoja unajenga tatizo la wote, na tatizo hilo haliwezi kumalizwa na mwenye nyumba peke yake mezani kwake.

Wahenga walisema akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Kada anayetaka kupima chombo chochote cha bima, kiwe cha umma au cha binafsi, akitazame mwaka ule wa maji, si mwaka wa kiangazi.