Kabla ya kengele kulikuwa na ndege

Wasee, siku hizi naona watu wengi wanageuza vani kuwa nyumba: kitanda nyuma, jiko la gesi kando, safari mpaka Turkana. Poa sana. Lakini mkifunga milango usiku, nani analinda pumzi zenu?

Kaboni monoksidi haina harufu wala rangi. Inatoka kwa moto wowote usiopata hewa ya kutosha, iwe ni gesi, makaa au jenereta. Kwenye damu inanyang'anya oksijeni nafasi, kwa sababu inajishikilia kwa nguvu zaidi ya mara 200. Kichwa kinauma, unasinzia, basi.

Wachimba makaa ya mawe wa Uingereza walilijua hili kwa uchungu. Mwaka wa 1896 mgodi wa Tylorstown, Wales, ulilipuka na watu 57 wakafa. Mwanasayansi John Scott Haldane alichunguza maiti, akagundua wengi hawakuuawa na mlipuko wenyewe. Waliuawa na hii gesi. Jamaa alikuwa hata ameivuta mwenyewe makusudi aone mwili unafanya nini!

Ushauri wake: shukeni na mnyama mdogo. Panya walijaribiwa, lakini kanari akashinda. Kandege hako kanapumua haraka, kwa hivyo gesi inakapata kabla ya mtu, na kakianguka kutoka kwa kijiti kila mtu anaona. Kanari walifanya kazi hiyo migodini hadi miaka ya 1980, vifaa vya umeme vilipochukua nafasi yao.

Sasa, mimi naona watu wanasahau kitu kimoja. Kanari alisaidia kwa sababu mchimbaji alikuwa macho, anamwangalia. Wewe kwenye vani umelala. Ndiyo maana zile kadi za bei rahisi zinazobadilika rangi sizitaki kabisa. Nani ataiangalia saa nane usiku?

Nunua kinachopiga kelele. Kengele ya moshi haihesabiki, hiyo haioni gesi hii. Tafuta alama EN 50291-2, ambayo ni ya magari ya kulala na mashua. Ile ya -1 ni ya nyumba. Hewa ikifika sehemu 300 kwa milioni, inatakiwa ilie ndani ya dakika 3. Angalia pia tarehe ya mwisho, maana kihisio huzeeka hata betri ikiwa mpya. Bonyeza kitufe cha kujaribu kabla ya kila safari.

Na jiko la makaa lilale nje. Kengele iwepo, isiwepo.