Winston-Salem: Kikapu cha Upande wa Pili wa Mji

Winston-Salem, katika jimbo la North Carolina, ni mji uliolelewa na tumbaku. Kampuni ya R.J. Reynolds iliuza sigara za Winston na za Salem, yaani majina ya miji miwili iliyounganishwa mwaka 1913. Viwandani Weusi na Wazungu walifanya kazi chini ya paa moja, lakini jioni kila mmoja alirudi upande wake. Upande wa Weusi, Simon Green Atkins, mwana wa watumwa, alikuwa ameanzisha shule mwaka 1892: chumba kimoja na wanafunzi 25. Kufikia 1925 shule hiyo ilikuwa chuo cha ualimu. Leo ni Winston-Salem State University.

Mwaka 1945 akaja kijana wa Kentucky, Clarence Gaines, mwenye shahada ya kemia na ndoto ya kuwa daktari wa meno. Alikuwa pandikizi la mtu, na tangu alipokuwa mwanafunzi wenzake walimwita “Big House”. Mwaka uliofuata alikabidhiwa michezo yote ya chuo: kikapu, futiboli ya Kimarekani, na hata kuwafunga bendeji walioumia. Udaktari wa meno ukasahaulika.

Timu yake ilicheza katika CIAA, ligi ya vyuo vya Weusi, kwa sababu vyuo vikubwa vya Kusini havikumsajili mchezaji Mweusi wala kukubali kucheza na timu yake. Ubaguzi ule ule ndio uliompa Gaines vipaji. Vijana wa miji ya Kaskazini ambao leo vyuo vikubwa vingewagombania walipanda basi kwenda kusomea ualimu Kusini. Cleo Hill alitoka Newark, akafunga pointi 2,488, na mwaka 1961 St. Louis Hawks wa ligi ya kulipwa ya NBA wakamchagua katika raundi ya kwanza. NBA hakudumu, alicheza msimu mmoja tu.

Chuo cha Wazungu cha Wake Forest kilikuwa kimehamia mjini humo mwaka 1956. Billy Packer, mchezaji wake aliyekuja kuwa mchambuzi mashuhuri wa televisheni, alivuka mji kwenda kumtazama Hill, na baadaye timu hizo mbili zikawa zinapimana nguvu kimyakimya, bila tiketi wala tangazo. Tarehe 23 Februari 1960, wanafunzi 11 wa chuo cha Atkins na 10 wa Wake Forest walikamatwa pamoja kwa kuketi kwenye kaunta ya chakula ya duka la Woolworth. Sidhani kama mechi zile za faragha zilizaa ujasiri huo. Mambo yote mawili yanaonyesha tu kwamba vijana walikuwa wameanza kuchoka na mpaka waliourithi.

Kisha akaja Earl Monroe wa Philadelphia. Wastani wake wa pointi kwa mechi mwaka wa kwanza ulikuwa 7 hivi. Mwaka wa nne ulifika 41.5. Alizunguka, akasita, akageuza mwili hewani, na beki akabaki akilinda mahali ambapo Monroe hakuwepo tena. Mechi zikahamishiwa ukumbi mkubwa wa mji, na Wazungu nao wakapanga foleni ya tiketi. Msimu wa 1966-67 timu ilishinda mechi 31 na kupoteza moja. Fainali ilichezwa Evansville, Indiana, dhidi ya Southwest Missouri State, ikaisha 77 kwa 74. Hakuna chuo cha Weusi kilichokuwa kimewahi kutwaa ubingwa wa kikapu wa NCAA, chama cha michezo ya vyuo vya Marekani, kabla ya siku hiyo.

Kilele hicho hakikurudiwa. Vyuo vya Wazungu vilikuwa vimeanza kufungua milango, na mwaka 1971 mchezaji bora wa ligi yao ya Atlantic Coast alikuwa Charlie Davis, kijana Mweusi wa New York, nyota wa Wake Forest, chuo cha mji ule ule.

Gaines alibaki kazini hadi 1993 na ushindi wa mechi 828. Wakati huo Adolph Rupp wa University of Kentucky peke yake ndiye aliyekuwa mbele yake miongoni mwa makocha wa NCAA. Gaines mwenyewe alikulia Paducah, Kentucky, na alipomaliza sekondari chuo kikuu hicho cha jimbo lake kilikuwa bado hakipokei wanafunzi Weusi.