Ubaridi na Harufu Yake

Mkazi wa Rusimbi hapa Kigoma hahitaji kufundishwa shuleni tofauti kati ya dagaa waliokauka vizuri na dagaa walionyeshewa kabla ya kukauka. Samaki ni walewale, wamevuliwa usiku uleule kwa taa zilezile. Kilichowatenga ni maji. Waliokauka watasafiri kwa treni hadi Dar es Salaam na bado watanukia mboga. Walionyeshewa hata paka huwazunguka kwa mashaka. Elimu hii ya mwaloni ndiyo iliyonisaidia kuelewa jambo linalowasumbua wenye magari mjini kwetu: kiyoyozi kinachotoa ubaridi mzuri lakini chenye harufu ya tambara la deki lililosahauliwa ndooni.

Ili tuelewe harufu hiyo inatoka wapi, inafaa turudi nyuma kidogo. Mwaka 1902 mhandisi kijana wa Marekani, Willis Carrier, alibuni mtambo kwa ajili ya kiwanda cha uchapaji huko Brooklyn, New York. Hakuwa akitafuta starehe ya mtu yeyote. Tatizo lilikuwa karatasi, ambazo zilinyonya unyevu zikatanuka, kisha zikasinyaa, na rangi zikawa hazikai mahali pake. Mtambo wake ulitakiwa kupunguza unyevu hewani. Msomaji alishike hilo, maana ndilo shina la maneno yote yanayofuata: tangu kuzaliwa kwake, kiyoyozi ni chombo cha kukamua maji kutoka hewani. Na maji yakishakamuliwa, hayana budi kwenda mahali fulani.

Ubaridi huo uliingia garini miaka mingi baadaye. Mwaka 1939 kampuni ya Packard ilionyesha mjini Chicago gari lenye kiyoyozi kilichofungwa kiwandani. Mtambo ulijaa kwenye buti, na aliyetaka kuuzima kabisa ilimbidi asimamishe injini, afungue boneti na kuvua mkanda. Mwaka 1954 kampuni ya Nash iliweza kuweka vyote mbele, ubaridi na joto pamoja. Ilikuwa nafuu kubwa, lakini kuanzia hapo sehemu inayopoza hewa ilizoea kukaa nyuma ya dashibodi, gizani, mahali ambapo mwenye gari haoni wala hafiki.

Sehemu hiyo mafundi huiita evaporeta. Ni vijibomba vyenye mapezi membamba ya alumini, vilivyobanana kama meno ya kitana. Hewa yenye joto ikipita juu yake, unyevu hugeuka matone, kama glasi ya maji baridi inavyotoka jasho. Matone hutiririka kwenye bomba dogo na kudondoka chini ya gari. Lakini si yote hutoka. Mengine hubaki kwenye mapezi, pamoja na vumbi letu jekundu la kiangazi, chavua na nyuzi za nguo. Gari likizimwa, pale pana giza, unyevu na chakula. Kuvu na bakteria hawahitaji mwaliko mwingine. Asubuhi feni ikiwashwa, pumzi yao ndiyo ya kwanza kutufikia usoni.

Dawa iliyozoeleka ni marashi ya kuning'iniza kwenye kioo. Jirani yangu mwenye teksi aliyaning'iniza matatu, na abiria wakaanza kushuka wakiumwa kichwa. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Kisha fundi mmoja akamwambia gesi imeharibika. Akalipa ikatolewa, ikajazwa nyingine, na baada ya wiki mbili harufu ikarudi. Isingeacha kurudi, kwa kuwa gesi huzunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, na kuvu huota nje ya mabomba hayo.

Hasara ya namna hiyo haiishii mfukoni. Mitambo ya kwanza ya ubaridi ilitumia amonia na gesi ya salfa, ambazo ni sumu na hunuka vikali. Mwaka 1928 Thomas Midgley na wenzake walipata gesi isiyonuka, isiyowaka, isiyomdhuru anayeivuta kidogo. Dunia ikashangilia. Mwaka 1974 wanasayansi Mario Molina na Sherwood Rowland walionyesha kwamba gesi za jamii hiyo hupanda juu sana na kuila ozoni inayotukinga na miale mikali ya jua. Mkataba wa Montreal wa mwaka 1987 ukaanza kuziondoa. Gesi iliyochukua nafasi yake katika magari ya miaka ya 1990, R-134a, haili ozoni, ila hunasa joto angani zaidi ya mara 1,000 kuliko kiasi kilekile cha hewa ya ukaa. Mwaka 2016 mataifa yalikutana kwa jirani zetu, Kigali, yakakubaliana kupunguza gesi za aina hiyo. Kwa hiyo anayeiachia hewani bila sababu, akidhani anafukuza harufu, anaacha uvundo palepale na kuongeza madhara yasiyonuka.

Tiba yenyewe ni ile ya mwaloni: kukausha. Ukikaribia nyumbani, dakika tano hivi kabla ya kufika, zima kitufe cha ubaridi lakini iache feni ipulize kwa nguvu, hewa ikiingia kutoka nje. Mapezi yatakauka kabla gari halijalala. Kama gari lina chujio la hewa, ambalo mara nyingi huwa nyuma ya kisanduku kilicho mbele ya abiria, libadilishe likichafuka. Kama uvundo umekwisha kukomaa, fundi apulize dawa ya povu kwenye evaporeta yenyewe, uchafu uchuruzike kupitia bomba la chini.

Bomba hilo nalo lichunguzwe, maana tope na majani huliziba. Nimeona madereva wakihangaika kwa kuona maji chini ya gari siku ya joto. Yakiwa safi na hayana rangi, waache yadondoke. Wasiwasi uanze siku ubaridi unapofanya kazi na ardhi chini ya gari imebaki kavu.