Neno "Klasiki": Limetoka Wapi, na Sisi Tunaliitaje?



Ndugu wazazi na wanafunzi, kijana mmoja hapa Buyenzi, anayesoma shule ya Kifaransa asubuhi na madrasa jioni, alinijia na swali. Shuleni wamepewa orodha ya vitabu vinavyoitwa "klasiki". Akaniuliza, "Maalim, klasiki kwa Kiswahili ni nini? Na sisi Waislamu tunavyo?" Nikamjibu haraka haraka, "Ni kitabu bora cha zamani." Alipoondoka nikaona jibu langu halikutosha. Ubora ni jambo moja na uzamani ni jambo jingine. Viko vitabu vya zamani sana ambavyo hata panya wamevikataa.

Kiswahili chetu si maskini katika jambo hili. Tunayo bora, teule, adhimu, aali. Lakini maneno hayo yanasifu tu, hayasemi kwamba kitu kimedumu. Tunayo kongwe, ya kale, ya jadi. Hayo yanataja umri na kunyamazia sifa. Akina mama wanaponunua kanga huuliza kama inachuja, na mimi naona "isiyochuja" inakaribia zaidi maana tunayoitafuta. Halafu lipo neno la redioni, zilipendwa, ambalo ni zuri kwa kuwa linataja watu waliopenda. Kasoro yake ni ule wakati uliopita: zilipendwa, je, bado zinapendwa?

Sasa tuangalie hilo neno la wenzetu. Asili yake ni Kilatini, classicus, na mwanzoni lilikuwa neno la mali na kodi. Aulus Gellius, mwandishi wa Kirumi wa karne ya 2 Miladia, anaeleza kwamba raia wa Roma waligawanywa matabaka 5 kwa kadiri ya mali zao. Mpango huo unanasibishwa na mfalme Servius Tullius, wa karne ya 6 kabla ya Nabii 'Iysaa ('alayhis-salaam). Classicus aliitwa mtu wa tabaka la kwanza peke yake, aliyeandikishwa kuwa na mali ya sarafu za shaba 125,000 au zaidi. Wengine wote walihesabiwa kuwa chini ya tabaka. Na chini kabisa alikuwako proletarius, mtu asiye na cha kuandikisha isipokuwa watoto wake. Tafadhali likumbukeni hilo la watoto, nitalirudia.

Ni Gellius huyo huyo anayetuonyesha neno likihamia kwenye vitabu, na kisa chenyewe kinachekesha. Alikuwa kijana, anakwenda kumzuru Fronto, mwalimu wa Marcus Aurelius. Rafiki mmoja wa Fronto akasimulia jinsi alivyopona ugonjwa wa kujaa maji mwilini kwa kutumia mchanga wa moto, ila neno mchanga akalitamka kwa wingi. Fronto akamtania kwamba ugonjwa umemtoka lakini makosa ya lugha hayajamtoka. Wakajadiliana sana kama mchanga una wingi (hata sisi darasani tumewahi kubishania "michanga"). Mwishowe Fronto akawaambia waende watafute kama yuko msemaji au mshairi wa zamani aliyelitumia hivyo, yaani mwandishi classicus, mwenye mali na mlipa kodi, asiwe proletarius. Basi mwandishi wa kutegemewa akafananishwa na tajiri.

Neno likalala karne nyingi, likaamshwa Ulaya katika karne ya 16. Mwaka 1548 Thomas Sébillet alilitumia kwa Kifaransa. Baadaye watu wakalifungamanisha na darasa, na kamusi ya Furetière ya mwaka 1690 inaeleza kwamba waandishi hao ni wale wanaosomwa madarasani. Kijana wangu alidhani hivyo hivyo, na hakuwa peke yake.

Je, maulamaa wetu hawakupanga watu kwa matabaka? Walipanga sana! Neno lenyewe tabaka tumelichukua kwenye Kiarabu, na mzizi wake umo katika Suuratul-Mulk aya ya 3, zinapotajwa mbingu saba, tabaka juu ya tabaka. Ibn Sallaam al-Jumahiy wa Basra (aliyefariki mwaka 231 H) alitunga kitabu cha matabaka ya fuhuul wa mashairi. Fuhuul ni wingi wa fahl, dume la ngamia, na ndiyo asili ya fahali wetu. Washairi wa zama za Jaahiliyyah aliwaweka matabaka 10, kila tabaka washairi 4, na katika la kwanza wamo Imru'ul-Qays na Zuhayr. Sisi tunasema mafahali wawili hawakai zizi moja, yeye kawaweka wanne!

Lakini kitabu ninachotaka wanafunzi wakizingatie zaidi ni Tabaqaat ya Ibn Sa'd, aliyefariki Baghdad mwaka 230 H. Tabaka lake la kwanza katika Maswahaba ni la waliopigana Badr, mwaka 2 H (624). Humo yumo Bilaal (radhiya Allaahu 'anhu), aliyekuwa mtumwa Makkah na akanunuliwa na kuachwa huru na Abu Bakr (radhiya Allaahu 'anhu). Kwa daftari la Roma mtumwa hakuwa hata raia wa kuandikishwa tabaka la mwisho. Kwa Ibn Sa'd kilichotazamwa ni nani alitangulia.

Na vitabu vikuu tunaviitaje? Maulamaa husema ummahaatul-kutub, mama wa vitabu. Vile vitabu sita vya Hadiyth huitwa pia mama sita. Kitabu huitwa mama kwa sababu vingine vimezaliwa nacho. Swahiyh ya al-Bukhaariy (aliyefariki 256 H) imezaa sharhi nyingi, na Fat-hul-Baariy peke yake ilimchukua Ibn Hajar miaka 25, kuanzia 817 H hadi 842 H. Roma asiye na kitu ila watoto aliwekwa chini kabisa. Kwetu kitabu hupewa jina la heshima kwa ajili ya watoto wake.

Kwa hiyo nilipomwita tena yule kijana sikumtajia vitabu vizito kwanza. Nilimpa Safiynatun-Najaah, kijitabu kile kile alichoanzia fiqhi akiwa mdogo. Mtungaji wake, Shaykh Saalim bin Sumayr wa Hadhramaut, alifariki Batavia, ndiyo Jakarta ya leo, mwaka 1271 H (1855). Hata miaka 200 haijatimia tangu afariki. Kurasa zake ni chache, lakini kimezaa sharhi ya Shaykh Nawawiy wa Banten, na kinasomeshwa kuanzia Indonesia hadi madrasa zetu hizi za vichochoroni. Nakala yenyewe jalada limetoka na pembe zimeliwa na vidole vya watoto. Nikamwambia akiandike mwisho wa orodha yake ya shule, na mwalimu akiuliza, amweleze.

Wallaahu a'lam.