Picha Katika Mwanga wa Taa: Erich Salomon na Lenzi ya Ernostar

Wahenga walinena kwamba macho hayana pazia. Neno hili ni kweli kwa macho ya mwanadamu, lakini kwa muda wa karibu miaka 90 halikuwa kweli kwa jicho la kamera. Tangu ufundi wa Daguerre ulipotangazwa mjini Paris katika mwaka 1839, kamera ilikuwa na pazia zito, na pazia hilo lilikuwa giza. Jambo ambalo mtu aliliona bila taabu katika chumba chenye taa mbili tatu, kamera ililiona kwa shida au haikuliona kabisa. Kuondolewa kwa pazia hilo kulikuwa kazi ya mafundi wa kioo. Lakini matokeo yake hayakuishia katika ufundi. Yaligusa swali la zamani kuliko kamera: nani ana haki ya kumtazama mkubwa wakati mkubwa hajijui kuwa anatazamwa?

Kabla ya miaka ya 1920 aliyetaka kupiga picha ndani ya nyumba alikuwa na njia mbili. Njia ya kwanza ilikuwa subira. Aliyepigwa picha alikalishwa karibu na dirisha, akaambiwa asitikisike, na mpigapicha akaiacha kamera wazi mpaka mwanga wa kutosha uingie. Lenzi ya Joseph Petzval, iliyotengenezwa Vienna katika mwaka 1840, ilipunguza sana muda huo, lakini haikuuondoa. Njia ya pili ilikuwa unga wa magnesi. Unga huo ulipowashwa ulilipuka kwa mwako mkali na mshindo, ukatoa moshi mweupe uliojaa chumbani. Kwa mwako huo picha ilipatikana, lakini jambo lenyewe lilikuwa limekwisha kuvurugika: mazungumzo yalikatika, macho yalitoka, na kila mtu alijua kwamba amepigwa picha.

Njia hizi mbili zilitofautiana kwa kila kitu isipokuwa kwa neno moja, nalo ndilo kubwa. Zote zilihitaji ridhaa ya mwenye kupigwa picha. Waziri au jaji alichagua saa yake, akavaa vazi lake, akatengeneza uso wake, ndipo akaonekana. Kwa hivyo picha za wakubwa zilizochapwa magazetini zilifanana na sanamu za mawe: zilionyesha cheo, hazikuonyesha mtu. Watu wa kawaida waliwajua watawala wao kwa sura ambazo watawala wenyewe walikuwa wamezikubali.

Ili kufahamu jinsi hali hiyo ilivyogeuka, yafaa kwanza kueleza hesabu kidogo ya lenzi. Nguvu ya lenzi ya kupokea mwanga hupimwa kwa kuchukua umbali ambao lenzi hukusanya mwanga nyuma yake, na kuugawanya kwa upana wa tundu lake. Lenzi ya milimita 100 yenye tundu la milimita 50 huwa na namba 2. Yenye tundu la milimita 12 na nusu huwa na namba 8. Kadiri namba inavyopungua ndivyo mwanga unavyozidi, tena huzidi kwa mraba. Lenzi ya namba 2 hupokea mwanga mara 16 ya lenzi ya namba 8. Picha iliyohitaji sekunde 8 hupatikana katika nusu ya sekunde. Kwa sababu hiyo wapigapicha huiita lenzi ya namba ndogo kuwa ni lenzi yenye kasi. Kioo chenyewe hakiendi mbio. Kinachofupishwa ni muda.

Mtu aweza kuuliza: ikiwa hesabu ni nyepesi hivi, kwa nini tundu halikupanuliwa tangu mwanzo? Jibu ni kwamba mwanga unaopita pembeni mwa kioo haupindi sawasawa na mwanga unaopita katikati. Tundu likipanuliwa ovyo, miale hukutana mahali mbalimbali, na sura hutoka kama kitu kilichotazamwa kupitia ukungu. Ilitakiwa akili ya kupanga vioo kadhaa vya maumbo mbalimbali, kila kimoja kikisahihisha kosa la mwenziwe, na hesabu za kazi hiyo wakati huo zilifanywa kwa mkono, mwale mmoja baada ya mwingine. Aliyeifanya ni Ludwig Bertele, kijana aliyezaliwa mwaka 1900, akifanya kazi katika kampuni ya Ernemann mjini Dresden. Katika mwaka 1923, akiwa na umri wa miaka 22 au 23 tu, alikamilisha lenzi ya namba 2 iliyoitwa Ernostar. Mwaka uliofuata ilitiwa katika kamera ndogo iliyokuja kujulikana kwa jina la Ermanox, na baadaye ikatoka nyingine ya namba 1.8. Watengenezaji waliitangaza kwa ahadi kwamba kitu kinachoonekana kwa jicho chaweza kupigwa picha. Wafanyabiashara huahidi mengi, lakini ahadi hii ilikuwa karibu sana na kweli.

Hata hivyo chombo peke yake si kazi. Jembe halilimi bila mkono, na mkono ulioishika Ermanox kwa namna ambayo wengine hawakuwaza ulikuwa wa mtu ambaye hakuwa mpigapicha kwa asili. Erich Salomon alizaliwa Berlin katika mwaka 1886, katika nyumba ya Wayahudi wenye mali. Alisoma sheria hata akapata shahada ya udaktari. Vita vya 1914 vilipoanza alikwenda vitani, akatekwa na Wafaransa, akakaa utekani kwa miaka, na humo akajifunza vizuri lugha ya waliomteka. Baada ya vita, fedha ya Ujerumani ilipoanguka thamani, mali ya nyumba yao ilikwisha. Akaingia kazi katika nyumba ya uchapaji ya Ullstein, katika idara ya matangazo. Kamera aliishika alipokuwa amekwisha kutimiza miaka 40. Kwa hivyo alileta katika ufundi huu mambo ambayo hayafundishwi katika chumba cha kuoshea picha: elimu ya sheria, lugha za kigeni, na adabu ya mtu aliyezoea kukaa na wakubwa bila kustuka.

Katika mwaka 1928 alipiga picha ndani ya mahakama za Ujerumani, katika kesi za jinai zilizovuma, mahali ambapo kupiga picha kulikatazwa. Kamera aliificha ndani ya kofia aliyoitoboa tundu kwa ajili ya lenzi. Picha hizo zilipochapwa katika Berliner Illustrirte Zeitung zilistaajabisha, kwa kuwa wasomaji waliona mahakama ikiwa kazini. Mwaka huohuo aliacha kazi ya ofisi akaingia katika mikutano ya mataifa. Mwezi wa Agosti mataifa yalikutana Paris kutia sahihi mapatano ya kuacha vita, na husimuliwa kwamba Salomon aliingia ukumbini akaketi katika kiti kilichokuwa wazi cha mjumbe wa Poland. Mwezi wa Desemba alikuwa Lugano, walipokutana Stresemann wa Ujerumani, Briand wa Ufaransa na Chamberlain wa Uingereza.

Isidhaniwe kwamba kwa lenzi hiyo kazi ilikuwa rahisi. Ermanox ilitumia sahani za kioo za sentimita 4.5 kwa 6, moja kwa kila picha. Baada ya kupiga ilimpasa mtu kuondoa sahani na kuweka nyingine. Sahani zenyewe zilikuwa na wepesi mdogo wa kupokea mwanga, hata ikawa ndani ya chumba chenye taa picha ilihitaji sehemu nzito ya sekunde, na pengine sekunde nzima au zaidi. Kamera ilisimamishwa juu ya miguu mitatu au kuegemezwa mahali imara. Kisha tundu pana lina ushuru wake. Kwa mtu aliye umbali wa mita tatu, sehemu inayotoka wazi, kutoka mbele kwenda nyuma, ni kama shubiri moja au pungufu. Akiinamia meza kidogo, uso wake umekwisha kutoka katika shubiri hiyo. Kwa hivyo Salomon hakuweza kupiga picha ya mtu anayepunga mikono. Ilimlazimu kungoja kituo kilicho kati ya neno na neno: msikilizaji anapoegemeza shavu mkononi, mnenaji anapotafuta neno, wawili wanapoinamiana kunong'ona. Udhaifu wa chombo ulimfundisha kuvizia utulivu, na katika utulivu huo watu huonekana walivyo kuliko wanapohutubia.

Mfano ulio bora ni wa The Hague, katika mwezi wa Januari 1930, mawaziri walipokuwa wakijadili fidia ya vita iliyoidai Ujerumani. Salomon aliwapiga picha usiku wa manane, wakiwa wamezama vitini, wengine wakisinzia. Hapana bendera wala kalamu ya dhahabu katika picha hiyo. Pana wazee waliochoka wenye mzigo unaowazidi. Msomaji wa gazeti aliyeambiwa kila siku kwamba amani hujengwa na mataifa aliona kwa mara ya kwanza kwamba hujengwa na miili inayochoka, na kwa hivyo yaweza kuanguka. Hotuba nyingi hazikusema kweli hiyo.

Je, ilikuwa halali? Swali hili halifai kurukwa kwa sababu tu picha ni nzuri. Mwenye kukosoa aweza kusema kwamba mwanadamu ana haki ya kuchoka bila kushuhudiwa na malaki ya watu, na kwamba hila ya kofia ni hila. Neno hilo lina uzito, hasa mahakamani. Mshtakiwa hakuja kwa hiari yake, hana mlango wa kutokea, na aibu yake yaweza kuishi kuliko hukumu yake. Waziri hayuko katika hali hiyo: aliomba cheo, anasema kwa ajili ya wengine, na uchovu wake ni jambo la umma, kwa maana watu watalipa kwa kosa lake. Lenzi haikupambanua kati ya wawili hawa. Mwanga wa taa uliwaangukia sawasawa. Kupambanua kulibaki juu ya dhamiri ya mwenye kamera, na hapo ndipo picha za mikutano zinaposimama juu ya zile za kesi.

Wakubwa wenyewe walizoea. Briand alimwita Salomon mfalme wa wapekuzi, na katika karamu ya Paris mwezi wa Agosti 1931 alimwona, akamnyoshea kidole akicheka. Salomon akapiga picha kidole hicho hicho. Mwaka huo akatoa kitabu cha picha za watu mashuhuri katika nyakati wasizojilinda. Lakini kuzoea huko kulikuwa dalili ya dola zinazoweza kuvumilia kutazamwa. Katika mwaka 1933 Hitler alishika utawala wa Ujerumani, na utawala huo ulitaka picha moja tu: ile iliyopangwa, taa zake zimewekwa, mikono imeinuliwa kwa amri. Salomon, Myahudi na mpekuzi wa wakubwa, hakuwa na mahali humo. Alihamia The Hague, katika nchi ya mkewe, mji uleule alipowapiga picha mawaziri waliochoka.

Mwezi wa Mei 1940 majeshi ya Ujerumani yaliingia Uholanzi. Salomon na watu wa nyumba yake walijificha, wakasalitiwa, wakakamatwa. Walipelekwa Theresienstadt, kisha Auschwitz, ambako aliuawa katika mwezi wa Julai 1944. Mkewe na mwanawe mdogo waliuawa pia. Mwana mkubwa, aliyekuwa Uingereza, alisalimika, naye baada ya vita alizikusanya picha za baba yake zilizonusurika. Tangu mwaka 1971 chama cha upigaji picha cha Ujerumani kimekuwa kikitoa nishani yenye jina la Salomon kwa kazi bora ya picha za habari.

Lenzi nazo ziliendelea. Bertele alikwenda mbele na kampuni ya Zeiss Ikon, iliyoimeza Ernemann katika mwaka 1926, na katika mwaka 1932 lenzi yake ya Sonnar, namba 1.5, iliwekwa kwenye kamera ya Contax, iliyotumia filamu badala ya sahani. Katika mwaka 1966 Zeiss ilitengeneza lenzi ya namba 0.7 kwa kazi za anga za Marekani. Mtengeneza sinema Stanley Kubrick alizipata baadhi, akapigia nazo sehemu za filamu ya Barry Lyndon, iliyotolewa mwaka 1975, kwa mwanga wa mishumaa. Ni kazi ya ajabu, na kwa hesabu ya mraba lenzi hiyo hupokea mwanga mara nane ya Ernostar ya kwanza. Lakini waliokaa mbele ya mishumaa hiyo walikuwa waigizaji, waliojua kwamba wanatazamwa. Namba ilikuwa ndogo zaidi. Tendo halikuwa lile.

Kwa hivyo historia ya picha katika mwanga hafifu si historia ya kioo peke yake. Bertele aliliondoa pazia la giza, na baada yake wengine waliliondoa kwa ustadi zaidi. Salomon alionyesha kwamba nyuma ya pazia hilo lilikuwapo la pili, la heshima na woga, ambalo fundi wa kioo hana uwezo nalo. Pazia hilo hufunguliwa na mtu aliye tayari kuketi kimya katika chumba cha wakubwa, kuwatazama bila chuki na bila kusujudu, na kungoja. Nalo huweza kufungwa tena, kama lilivyofungwa katika 1933, hata kama taa zote zinawaka.